Mapafu ya Kapteni Severo

Mimi mume wangu simsemi nyuma ya mgongo. Namsema akiwa amekaa pale karibu na dirisha, chai yake ya majani ya koka mkononi, na anasikia kila neno, maana masikio yake ni mazima. Akichukia, achukie. Jina lake Severo Yujra. Amezaliwa hapa hapa El Alto, juu kabisa, ambako mgeni akipanda ngazi mbili tu anatafuta pa kukaa, na La Paz nzima tunaitazama ikiwa chini yetu kwenye korongo lake. Baba yake aliuza vipuri vya mabasi. Severo alisoma kwa shida, akaingia jeshini, akajifunza urubani huko huko, akatoka na sharubu, amri nyingi na maneno machache, na vyote hivyo akavileta nyumbani kwangu.

Wanaume wengine hujisifia nyumba, wengine magari. Wangu alijisifia mapafu. Ati Mungu aliwaumba watu wa mlimani kwa mkono wake mwenyewe, na watu wa bondeni akawaachia wasaidizi. Tukipata mgeni kutoka Santa Cruz au mji wowote wa joto, Severo alimpandisha mbio mbio hadi kwetu ghorofa ya tatu, akiongea njia nzima kwa makusudi, halafu anageuka kumtazama yule maskini anavyoshikilia ukuta. Hapo ndipo roho yake inatulia, ndipo anaagiza chai. Nimeishi na vituko hivyo zaidi ya miaka thelathini, nyumbani na kazini, kwa sababu mimi nilikuwa mkuu wa wahudumu kwenye ndege aliyoirusha yeye. Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo, ndege mbili kuukuu, kila mtu anajua mwenzake amekula nini.

Sasa nieleze jambo moja la uwanja wetu, la sivyo hamtaelewa alichokifanya. Ndege za kwingine zikipaa, hewa ya ndani hupungua kidogo. Kwetu ni kinyume. Mlango unapofungwa, tayari mko mita elfu nne, kwenye hewa nyembamba, na ndege ikishapaa mitambo husukuma hewa ndani mpaka abiria anajiona kama ameteremshwa nusu ya mlima. Masikio yanaziba, kichwa kinaacha kugonga, na wale wa bondeni waliokuja kuteseka huku kwetu wanaanza kucheka na kuulizia soda. Abiria wetu hupona wakiwa angani. Ila hiyo hewa inachotwa kwenye injini, na injini nazo hapa juu hazina nguvu za kugawa. Kwa hiyo wakati wa kupaa marubani huifunga, injini zibaki na nguvu zao zote, na ndege ikishatulia, rubani wa kiti cha kulia huifungua tena. Ni swichi mbili juu ya kichwa. Pembeni yake kuna ya tatu, sisi tuliiita swichi ya mlima. Hiyo huinyamazisha honi ya hatari na kuzuia barakoa za abiria zisidondoke, kwani bila hiyo honi ingelia tangu ndege ikiwa imeegeshwa. Mkishapaa, nayo hurudishwa mahali pake. Na mpaka hayo yote yafanyike, sheria inawataka marubani wote wawili wawe wamevaa barakoa za oksijeni.

Severo hakuvaa hata siku moja. Aliiita chuchu ya mtoto. Rubani msaidizi aliyethubutu kuivaa mbele yake alitaniwa mpaka akakoma, na wengi wao, vijana wa mlimani wenzake, waliona ndio uanaume wenyewe. Wakubwa wa kampuni walijua. Walicheka nao.

Halafu binti yetu Yovana, katika wanaume wote wa nchi hii, akaenda kuolewa na mtu wa bondeni, tena rubani msaidizi wa kampuni ile ile. Lorgio Justiniano, mzaliwa wa Santa Cruz, mrefu, mwongeaji, mtu anayecheka kabla hujamaliza kusimulia. Siku ya kwanza alipokuja kujitambulisha, Severo alimjazia sahani ya chuño, vile viazi vyetu vya kugandishwa kwa baridi ambavyo asiyevizoea huviona kama kokoto, kisha akamuuliza mara nne kichwa kinaendeleaje. Tangu hapo hakumwita kwa jina. Alimwita mgonjwa. Mgonjwa amefika, mgonjwa amekula, mwambieni mgonjwa ahamishe gari lake.

Wala msidhani Lorgio alikuwa malaika. Mdomo alikuwa nao. El Alto aliiita jokofu lenye wakazi, na baba mkwe wake alimwita bwana barafu, na hakushusha sauti. Walipopangiwa safari moja, mimi ndiye niliyewabebea kahawa na kusikia vijembe vikiruka juu ya kichwa changu. Kila mmoja alinigeuzia uso wa malalamiko kana kwamba mimi ndiye niliyewazaa wote wawili. Nilimwambia Lorgio azibe mdomo. Nilimwambia Severo maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa.

Yovana na Lorgio walikuwa wakikaa chini yetu, ghorofa ya pili, na mtoto wao Adhemar. Kila asubuhi mjukuu huyo alipanda ngazi kwa mikono na miguu, akaja jikoni kwangu kunywa api, uji wetu mwepesi wa mahindi ya zambarau, na akatoka na sharubu za zambarau kuzidi za babu yake. Kwangu mimi siku haikuanza mpaka nimsikie kwenye ngazi. Sina haja ya kulipamba hilo. Nilimpenda kuliko nilivyowapenda wale wanaume wawili wakijumlishwa.

Basi ikafika zamu ya Lorgio kupimwa ukapteni. Miaka amekuwa msaidizi, amefaulu kila kitu, imebaki safari moja ya mwisho na mtahini. Mtahini wa kampuni ni nani? Severo Yujra. Mwingine alikuwapo lakini alikuwa amelazwa na mgongo. Yovana alikuja juu kwetu tukiwa mezani, hakukaa hata kwenye kiti. Akasema wazi: Lorgio akifaulu, wanabaki hapa. Akianguka, kuna rafiki yake Santa Cruz mwenye vindege vya kubebea wafugaji anamwita kila wiki, na safari hii atamwitikia, na mke na mtoto watafuata. Severo alimjibu kwamba mgonjwa aende zake akapone, lakini binti yake na mjukuu wake hawaendi popote. Aliamini hivyo kweli. Aliamini Yovana angemwacha mume kwa ajili ya mlima. Mimi Yovana nimemzaa, najua kichwa chake kilivyo kigumu na najua kakitoa wapi.

Yovana aliposhuka nikamwambia Severo: "Ukimwangusha huyu, unamfukuza mjukuu wako."

"Angani hakuna mkwe," akasema, akaendelea kula.

Asubuhi ya safari ilikuwa ya Agosti, baridi ya kupasua midomo. Mafundi walikuwa wamenyunyizia pombe kwenye magurudumu kuomba heri, kama wafanyavyo kila Agosti, na chini ya ndege kulinuka kama baa. Tulikuwa tunakwenda Santa Cruz na abiria karibu viti vyote, wengi wao watu wa bondeni waliokuja kwenye maonyesho ya biashara, sasa wanarudi makwao wakiwa wameshika vichwa. Nikapeleka kahawa mbele. Lorgio alikuwa kiti cha kushoto, cha kapteni, kwa mara ya kwanza nilimwona amenyamaza. Severo kiti cha kulia, mikono kifuani. Lorgio akanyoosha mkono kuchukua barakoa yake.

Severo akamuuliza, "Unaumwa?"

"Ni sheria, kapteni."

"Humu ndani wanaovaa hiyo ni wagonjwa. Nikuandike mgonjwa?"

Lorgio akaitazama ile barakoa, akairudisha kwenye ndoano. Nilitaka kummwagia Severo kahawa kwenye mapaja. Lakini abiria walikuwa wanaingia, nikarudi kwenye mlango wangu.

Tukapaa. Kwetu ndege hukimbia mpaka unadhani itafika mjini kwa magurudumu, halafu ndipo inanyanyuka. Nilikaa kwenye kiti changu cha mbele nikisubiri masikio yazibe. Hayakuziba. Yalifunguka, yakatoa hewa, kama vile tunazidi kupanda mlima. Nikameza mate, nikasubiri tena. Kwenye rafu ya jiko langu kulikuwa na pakiti za bisi za mahindi ambazo hufungwa hapa hapa El Alto. Pakiti hizo tukishapaa hulegea na kusinyaa, ni jambo la kila siku, hata huzitazami. Siku hiyo zilikuwa zimevimba na kukakamaa, na moja ikapasuka mbele ya macho yangu, bisi zikamwagika sakafuni. Nikanyanyua mkono kwenye tundu la hewa juu ya kichwa. Halikutoa kitu.

Nikawatazama abiria. Mwanaume mnene wa safu ya kwanza alikuwa anakoroma macho wazi, midomo yake rangi ya jivu. Mama mmoja alikuwa anampigapiga mtoto wake mashavu, taratibu, kisha akasahau anafanya nini na mkono ukabaki hewani. Simu ya wahudumu ikalia. Ni Fabiola, binti wa Cochabamba niliyemweka nyuma. Akanambia, "Dada Nicolasa, huku wamelala wote, wote kabisa," akacheka, na hakuweza kuacha kucheka. Kicheko kile kilinitisha kuliko pakiti. Nikamwambia avute chupa ya oksijeni aliyo karibu nayo, avae, akae. Nilirudia mara tatu. Yangu nikaivaa, nikaitundika begani, nikaenda mbele nikiwa nimeshikilia ukuta, mimi niliyezaliwa hapa juu.

Siku zile mlango wa marubani haukuwa na makufuli. Nikaufungua. Severo akageuka akanitabasamia. Jamani, miaka yote ile ya ndoa sikuwahi kupewa tabasamu la namna hiyo, hata siku ya harusi. Kucha zake zilikuwa nyeusi kama zabibu.

"Nimemfungia hewa," akanambia, kwa furaha, kama anayempa mtu siri ya zawadi. "Nimemfungia nione atagundua lini. Hajagundua!"

Nikamwambia afungue, sasa hivi.

"Nifungue nini?"

Hakuwa anatania. Aliinua macho kwenye dari yenye swichi alizozigusa maisha yake yote, na aliziangalia kama mtu aliyeingia nyumba ya watu. Kisha akanigeukia tena, akatabasamu tena. "Nimemfungia hewa. Hajagundua." Alikuwa amemtegea mwenzake mtego, na ukosefu wa hewa ukamkata kumbukumbu akausahau akiwa amekaa ndani yake. Mapafu ya mlima hayo. Yalimbeba muda mrefu kidogo kuliko wengine, ndiyo, muda wa kutosha kuendelea kujiona bingwa.

Lorgio alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, jasho limemtiririka, midomo ya bluu. Ndege ilikuwa bado inapanda. "Niko sawa, kapteni," akasema polepole. "Niko sawa." Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Barakoa yake ilikuwa inaning'inia karibu na sikio lake, angeweza kuifikia kwa kugeuza shingo.

Nikapiga kelele: "Vaa!"

Akanitazama, kisha akamtazama Severo. Alikuwa anaomba ruhusa. Mtu anakufa, na anaomba ruhusa.

"Ataniangusha, mama," akasema.

Nikaing'oa ile barakoa kwenye ndoano nikamkandamizia usoni. Severo akanishika kifundo cha mkono. Akasema, "Ukimvalisha, ameshindwa," na hayo alikuwa anayakumbuka, swichi amezisahau lakini hayo hapana! Mkono wake haukuwa na nguvu hata ya kushika kikombe. Niliupiga ukaanguka. Nimewahi kumkasirikia mume wangu mara nyingi, lakini pale nilimchukia kwa mwili mzima, na sijui kama chuki ile imewahi kuniisha.

Lorgio akavuta pumzi moja, mbili, kadhaa. Niliona macho yake yakirudi, kama mtu anayeamshwa na maji. Akaangalia kipimo, akaangalia juu, akasema tusi moja la kwao bondeni, akapandisha zile swichi mbili. Hewa ikanguruma pande zote. Akairudisha swichi ya mlima, na honi ya hatari ikapasua masikio, honi ambayo ilipaswa kutupigia kelele tangu zamani. Akadondosha barakoa za abiria kwa mkono. Kushuka haraka asingeweza, maana kulia kwetu ulikuwa mlima Illimani, theluji yake ikiwa karibu kiasi cha kuhesabu nyufa, na mbele kulikuwa na milima mingine. Akaishikilia ndege palepale juu, akaanza kugeuka nyuma kwa upole, akiongea na uwanja kwa sauti tulivu ambayo sikuijua kuwa anayo.

Mimi nilikuwa na kazi ya kumvalisha Severo. Aliipiga barakoa teke kwa mkono, kama inawezekana, akasema "Mimi? Mimi?" Nilimkaba kwa nyuma ya kiti nikaishikilia usoni pake kwa mikono yote miwili, kama unavyomshika mtoto anayekataa dawa. Alipigana, kisha akaacha. Akavuta hewa. Baada ya muda niliuhisi mwili wake unakakamaa chini ya mikono yangu, nikajua fahamu zinarudi, na hasira yake nayo inarudi pamoja nazo. Neno lake la kwanza ndani ya barakoa lilikuwa: "Nani amefungua?"

Nilirudi kwa abiria. Hakuna aliyekufa, na hilo ni la Mungu, si la mume wangu. Wengi waliamka wanatapika. Yule mama alikuwa amemkumbatia mtoto wake, mtoto analia kwa nguvu zote, na sijawahi kufurahia kelele za mtoto kiasi kile. Mwanaume mnene alinituhumu kwamba nimemwibia saa, kumbe ameivaa. Bibi mmoja ilibidi abebwe kwenye ngazi tulipotua.

Lorgio alitua vizuri. Abiria waliposhuka, mkuu wa marubani, bwana Ergueta, akapanda ndani na uso umempauka. Aliwakuta wote wawili bado kwenye viti vyao. Severo alikuwa tayari amechana nywele na kuvaa kofia. Alisimama wa kwanza, akaongea wa kwanza.

"Mtahiniwa hakufungua hewa baada ya kupaa," akasema. "Ameshindwa. Nimemaliza."

Ergueta akamgeukia Lorgio amuulize kama ni kweli. Na yule mpumbavu, Mungu ambariki, akasema ukweli wake: kwamba hakuona kama imefungwa, na kwamba alipaswa kuona. Basi. Ergueta akaanza kutikisa kichwa, ule mtikiso wa kumaliza shauri, na mimi kichwani nikamwona Adhemar na kifurushi chake kwenye basi la Santa Cruz.

Nikasema: "Kazi ya kufungua ilikuwa ya kiti cha kulia. Na hakusahau. Aliiacha makusudi ili amkamate mwenzake. Kaniambia mwenyewe, pale mlangoni, anacheka."

Severo hata hakunitazama. Akamwambia Ergueta kwamba mwanamke huyu alikuwa amekosa hewa, anaropoka.

"Nilikuwa na chupa begani, Severo," nikamwambia. "Wewe ndiye hukuwa na kitu."

Ergueta akauliza, sasa kwa sauti ya chini, kwa heshima, kwa sababu alifundishwa kuruka na Severo huyo huyo: "Kapteni, ulimwambia hivyo?"

Mume wangu akafungua mdomo. Nilimwona akitafuta. Alikwenda ndani ya kichwa chake kutafuta ile dakika mlangoni na hakuikuta, na akaona kwamba hajui ni nini kingine alichokisema, wala mbele ya nani. Kukana asingeweza, kwa sababu hakujua anakana nini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo.

"Sikumbuki," akasema.

Ikawa imetosha. Mtahini asiyekumbuka alichosema angani ni mtu aliyekosa hewa kama mtu mwingine yeyote, na kila aliyekuwa mle ndani alilielewa hilo, yeye akiwa wa kwanza. Wakamnyang'anya leseni wiki ile ile. Unga ukamwagika. Kampuni haikutaka maneno magazetini, kwa hiyo wakamuaga kwa keki na hotuba fupi. Alirudi nyumbani akaiweka keki mezani na hakuikata, ikakauka palepale mpaka nilipoitupa.

Wakaleta mtahini mwingine kutoka nje ya kampuni. Lorgio akarudia safari ile, akafaulu, akapewa mistari minne begani. Siku hiyo nilichinja kuku wawili. Nilijiambia, haya, mzee amenuna lakini yatamwisha, na mtoto yupo, ngazi ziko palepale. Wiki mbili baadaye, Jumapili, baada ya misa, Yovana akapanda kwetu na mumewe, na nilipoona wameshikana mikono nikajua.

Walikuwa wanaondoka. Yule rafiki wa vindege vya wafugaji alikuwa ameitikiwa.

Nikawaambia wana wazimu. Amefaulu! Ukapteni anao! Si hilo ndilo lilikuwa sharti?

Lorgio safari hii hakucheka. "Mama," akasema, "nilikuwa nakufa, na bado nilimtazama nimwombe ruhusa ya kupumua. Kila nikifumba macho naliona hilo. Sitaki Adhemar ajifunze kumtazama mtu hivyo."

Nikamwambia Severo hayumo tena kwenye ndege yoyote.

"Yumo juu ya dari yangu," akasema.

Nikamgeukia binti yangu. Nilimkumbusha nilivyosimama mbele ya Ergueta, nikamwanika mume wangu mbele ya watu kwa ajili yao, nikapoteza pesa ya nyumba na amani ya nyumba. Nilimuuliza kama hewa ya huku imemshinda ghafla, yeye aliyezaliwa chumba cha pili kutoka hapo.

"Si hewa, mama," Yovana akasema. "Ni ninyi wawili. Mtoto ameanza kuniuliza, leo babu na bibi wanamchukia nani."

Nilimjibu. Nilisema mengi, kwa sauti, mpaka jirani akafungua dirisha, na simo katika watu wanaojutia walichosema wakiwa wamechomwa. Waliondoka Jumatano kwa basi, kwa sababu Lorgio alikataa kupanda ndege ya kampuni hata bure. Adhemar alinipungia mkono kupitia kioo akiwa anatafuna mkate, bila wasiwasi wowote, anadhani anakwenda matembezi.

Severo hakushuka kuwaaga. Nilipopanda nikamkuta mezani anasubiri chakula. Akaniambia, bila kuinua macho: "Nilikwambia watu wa bondeni hawadumu huku."

Nikaweka sufuria chini.

"Adhemar amezaliwa humu, Severo. Kifua ni chako, mapafu ni yako, ngazi hizi alikuwa anazipanda mbio kuliko wewe. Huyo naye ni wa bondeni?"

Akainuka, akateremka ngazi hadi ghorofa ya pili, na nikamsikia anafunga madirisha waliyoyaacha wazi, moja baada ya jingine.